Kipimo Kilichokwenda Korogwe

Jirani yangu aliniazima kitenge cha kuvaa harusini, na nilipokikunjua chumbani kwangu harufu ya kafuri ikanipiga usoni. Ni vile vidonge vyeupe ambavyo watu huweka kabatini ili wadudu wasitafune nguo. Wengi wa rika langu wakiinusa harufu hiyo hukumbuka sanduku la mama na nguo za sikukuu. Mimi nilikaa kitandani na kitenge mapajani, nikamkumbuka bibi yangu mzaa baba, ambaye kafuri yake haikuwa ya nguo. Harusini nilifika nimechelewa.

Bibi alikuwa mwosha maiti. Kwetu Kang'ata, huko Handeni, mwanamke wa Kiislamu akifariki, au mtoto mdogo, aliyeitwa kwanza ni yeye. Baba yangu alikufa kabla sijaota meno, mama akaolewa tena Korogwe, na mume mpya hakutaka kuanza maisha na mtoto wa mwanamume mwingine. Basi nikabaki na bibi katika nyumba ya vyumba viwili. Kimoja tulilala, kingine kilikuwa cha vyombo.

Nikisema vyombo usifikirie sufuria. Kilikuwamo kitanda cha mbao kilichoachwa nafasi kati ya ubao na ubao ili maji yapite, na karai pana la kuyakinga. Mabirika mawili ya bati, na kata ya kifuu yenye mpini mrefu. Vilikuwamo vifuko vya kitambaa alivyovishona mwenyewe, vya kuvaa mkononi, kwa sababu mkono mtupu haugusi mahali pa siri pa marehemu. Pamba alikuwa nayo furushi zima. Kafuri ilikaa kwenye kopo lililokuwa la maziwa ya unga, na chetezo cha ubani kilikuwa na ufa ambao bibi aliuziba kwa udongo kila baada ya miezi michache. Palikuwa na tepe za kufungia taya lisibaki wazi na za kufunga pamoja vidole gumba vya miguu. Na juu kabisa, mahali ambapo panya hawafiki, palikuwa na jora la bafta nyeupe ya sanda.

Bafta ile haikuguswa na chuma. Wengine walikata sanda kwa mkasi, bibi hakutaka hata kusikia. Alianzisha mpasuko kwa meno, kisha akavuta kwa mikono miwili, na ile sauti ya kitambaa kuraruka ndiyo iliyonipa habari za misiba kabla mtu hajaniambia. Kitu cha kwanza kuraruliwa kilikuwa kipimo, ukanda mwembamba wa upana wa kidole. Bibi aliupitisha kutoka utosini mwa marehemu hadi kisiginoni, akafunga fundo, akararua kilichozidi, akawapa vijana wakachimbe kaburi. Kaburi likishatosha, kipimo kilitupwa humo humo.

"Kipimo hakirudi nyumbani," aliniambia nilipouliza.

Nililitafakari jambo hilo kwa akili yangu ya darasa la pili. Sikuwahi kumwona mtu aliyepimwa na bibi kisha akabaki. Kila aliyepimwa alizikwa siku hiyo hiyo. Mtu mzima angejua kwamba hao walipimwa kwa sababu walikuwa wamekufa tayari. Mimi niliielewa habari hiyo kinyumenyume, na hapakuwa na mtu wa kunirekebisha kwa sababu sikuwa na mtu wa kuongea naye.

Hilo nalo nilieleze. Shuleni walinijua kama mjukuu wa mwosha. Tukicheza michezo ya kushikana mikono kwenye duara, wasichana wa kulia na kushoto kwangu walinishika kwenye mikono ya sare, kitambaa tu, ili ngozi zisikutane. Maji ya nyumbani kwetu hakuna aliyeyanywa. Walisema tunachotea kwa kata ile ile, jambo ambalo lilikuwa uongo, lakini hata mimi kuna siku niliitazama kata ya mtungini mara mbili kabla ya kunywa. Wakubwa hawakuwa tofauti sana. Siku ya msiba walimwita bibi kwa heshima zote, na siku zilizobaki walimpa shikamoo wakiwa ng'ambo ya uzio.

Bibi mwenyewe alijifanya haoni. Alikuwa mtu wa mzaha. Aliniita mke mwenzangu, akidai tunagombea mume mmoja, ingawa babu alikuwa ameshafariki. Mtu akithubutu kumwambia "mwosha huoshwa", alijibu, "Kweli, na wewe ndiye utakayeniosha, basi anza kujifunza." Akinipakulia ugali nilipodai nimeshiba, alisema maiti haulizwi sanda, akaongeza mboga. Nilimpenda. Lakini mzaha wa mtu mmoja haujazi nyumba, na jioni nyingi nilikaa kizingitini nikiwasikiliza wenzangu wakicheza nyumba ya tatu, nikijua majina yao wote na zamu zao zote.

Nilimtaka mama pia, sitaficha. Tatizo ni kwamba mama alikuwa Korogwe, na Korogwe niliijua kwa upande mwingine. Waliofia hospitali za mjini waliletwa kwetu kwa gari, na bibi hakupenda walivyoletwa. Walikuwa wamedungwa dawa ya kuzuia kuoza, dawa iliyokuwa inachoma macho hata ukiwa mlangoni. Walikuwa na karatasi ya jina iliyofungwa kwa uzi kwenye kidole cha mguu. "Huko mochwari wana makabati ya baridi," bibi alisimulia akikosha vifuko vyake. "Watu wanapangwa kwenye droo. Mtu wa watu, droo!" Basi kwangu mimi Korogwe ulikuwa mji wenye vitu viwili, mama na makabati hayo, na sikuelewa mama aliwezaje kuishi hapo.

Siku moja ya mfungo, Ramadhani ikikaribia kwisha, nililala mchana kwenye mkeka baada ya kutoka shule. Nikaamshwa na sauti ya bafta kuraruka.

Nilisubiri kilio kutoka nyumba fulani. Hakikuja. Nikasikia miguu ya bibi ikija taratibu, nikafumba macho. Alipiga magoti kando yangu. Kitambaa kikagusa utosi wangu, kikapita shingoni, mgongoni, nyuma ya goti, na kidole chake gumba kikakibana kwenye kisigino. Nilisikia harufu ya kafuri kwenye kanga yake. Alifunga fundo pale pale.

"Amekua huyu," alinong'ona, kwa sauti ile ile aliyoitumia kuongea na wale aliowaosha.

Akararua kilichozidi, akaondoka.

Nikajua nitakufa. Sikulia, kwa sababu kulia kungemjulisha kwamba niko macho. Nilichokumbuka zaidi miaka yote hii si woga wenyewe, ni upweke wake. Mtoto akiogopa humkimbilia mkubwa wake, na mkubwa wangu ndiye aliyekuwa amenipima.

Alipokwenda kisimani kuteka maji ya futari, niliingia chumba cha vyombo. Kipimo changu kilikuwa kimening'inia kwenye msumari. Tulikuwa na mkasi mmoja mdogo, ule wa kunipunguzia nywele. Nikakata shibiri mbili upande usio na fundo, nikatupa kipande kwenye moto wa jikoni, nikakitazama hadi kikawa majivu. Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Kaburi likichimbwa fupi sitaenea, na nisipoenea itabidi waniache. Nilikirudisha kwenye msumari, nikaenda kufagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiliwa.

Asubuhi yake bibi alikitia kipimo kwenye bahasha ya kaki, akampa kondakta wa basi la Korogwe. Nilisimama barabarani na daftari zangu nikilitazama basi likipotea kwenye vumbi. Kwa hiyo wananitengenezea droo, niliwaza. Siku zilizofuata nililala nimejikunja, magoti kidevuni, nisipimwe tena. Bibi alidhani nina minyoo. Alinichemshia mwarobaini, nikanywa kikombe kizima bila kubisha, na hilo lilimtia wasiwasi kuliko ugonjwa wowote.

Siku moja kabla ya Idi, mama akashuka kwenye basi. Sikuwa nimemwona zaidi ya mwaka. Alikuwa amenenepa, ananukia sabuni ya dukani, na kwenye mfuko alikuwa na gauni la rangi ya waridi lenye lesi shingoni. Alikuwa ameanza kujifunza cherehani kwa fundi mmoja huko mjini, na hilo lilikuwa gauni lake la kwanza.

Mgeni wa mjini na gauni jipya huvuta watu. Wanawake wanne waliingia ndani ya uzio wetu, jambo ambalo sikuwahi kuliona bila msiba. Mmoja wao alikuwa Mama Hadija. Binti yake wa miaka minne alikuwa amezikwa mwezi uliopita, na bibi alimwosha huyo mtoto akiwa amempakata mapajani, akakataa kumlaza kwenye kitanda kikubwa.

Mama alinivalisha hapo hapo uwanjani. Mabega yalibana. Pindo liliishia katikati ya paja.

"Mbona hivi?" mama alisema. Alivuta chini, likagoma. Akatia mkono mfukoni akatoa kile kipimo, akakinyoosha mwilini mwangu kuanzia kisiginoni. Kikafika kifuani kikaishia hapo. "Si nilimwandikia mama mkwe anitumie kipimo cha mtoto nimshonee la Idi? Si ndicho hiki?"

Hapo ndipo nilipoelewa yote kwa mkupuo. Bibi hakuwa na futikamba. Hakuwahi kwenda kwa fundi cherehani, maisha yake yote alivaa kanga. Na katika maisha yake hakuwahi kumpima mtu aliyesimama. Alitaka kuniletea furaha ya ghafla, basi akanipima kwa namna pekee ambayo mikono yake iliijua.

"Hicho ni cha mtoto mdogo," mwanamke mmoja alisema taratibu.

Mama akakitazama kitambaa vizuri. Aliwahi kuishi katika nyumba ile, aliijua bafta. Akakitupa chini, akarudi nyuma.

"Mama! Umenitumia kipimo cha maiti! Nimemshonea mwanangu gauni kwa kipimo cha maiti!"

Akalivuta gauni kichwani kwangu kwa nguvu hadi lesi ikachanika. Nilibaki na shumizi mbele ya watu. Mama Hadija akasogea hatua moja. Hakupaza sauti.

"Na wangu je, bibi?" aliuliza. "Wangu alichimbiwa kwa kipimo gani?"

Bibi aliinama akakiokota. Akautafuta mwisho wake, akaupapasa kwa kidole gumba, akaugeuza, akaupapasa tena. Mwisho ulioraruliwa huwa na nyuzi, na huu ulikuwa laini, umenyooka. Akaniangalia.

Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Nikaangalia vidole vyangu vya miguu.

"Nimekosea, mwanangu," bibi alimwambia mama. "Macho yameisha." Kisha akamgeukia Mama Hadija. "Wako hana kosa, mama. Wako nilimpima kwa mikono yangu hii, na kipimo chake amelala nacho. Kosa ni la huyu tu."

Lakini aliyekiri kosa moja nani atamwamini kwa lingine? Mama Hadija alivuta kanga yake usoni, akatoka. Wengine wakamfuata. Mama akasema mwanawe hatalala tena katika nyumba hiyo hata usiku mmoja, na tukaondoka na gari la jioni ile ile. Bibi alinifungia vitumbua alivyokuwa amepika kwa ajili ya Idi, akanifunga kanga kiunoni kwa sababu sikuwa na nguo ya maana, na hakuniuliza chochote. Hiyo ndiyo iliyokuwa nafasi yangu ya pili, na niliipoteza nikiwa nimeshika vitumbua.

Korogwe hawakunijua ni mjukuu wa nani. Kule Manundu, mtaa tuliokaa, watoto walinishika mikono bila kufikiri, wakanywa maji yetu, wakaniita jina langu. Nilikuwa nimepata kila nilichokuwa nakililia kizingitini, na sijawahi kuwa mpweke kama mwaka ule. Nilimlea mdogo wangu aliyezaliwa huko, nikajifunza kutomwudhi baba wa kambo, aliyenipokea shingo upande, na kila nikilala chali nilikumbuka kidole gumba kisiginoni. Sikumwambia mama. Mwanzoni niliogopa kipigo. Baadaye niliogopa kwamba angenisamehe haraka, akacheka, na kumbe jambo lenyewe halichekeshi.

Habari za Kang'ata zilitufikia kwa vipande. Watu walikuwa wamenong'ona kuhusu makaburi ya nyuma, nani alichimbiwa refu na nani fupi. Mtu fulani alidai aliona kaburi la mama yake limetitia upande wa miguu. Wazee wa msikiti walikwenda kwa bibi, wakazungumza naye kwa adabu, wakamwambia umri umekwenda, apumzike. Wakabeba kitanda, karai, mabirika na jora. Akapewa kazi hiyo mwanamke mwingine, kijana, ambaye alikata sanda kwa mkasi. Siku za misiba bibi alikaa na wanawake wa kumenya mihogo. Nilisikia hayo nikiwa nafua, na nikaendelea kufua.

Nilirudi nikiwa mtu mzima, na mwanangu wa kwanza mgongoni. Nilikuwa nimeapa njia nzima kwamba safari hii nitasema.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umeniletea mume?" Akamnyooshea mtoto mikono, akamchukua. Alikuwa amepungua sana. Chumba cha vyombo kilikuwa kimejaa magunia ya mahindi.

Tulikaa mkekani. Nikamwambia kwamba nina jambo la zamani, la kile kipimo, na akanizuia kabla sijafika mbali.

"Unadhani sikujua? Mkasi ule. Meno yangu hayanyooshi kitambaa namna ile."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Mama yako akuchape mbele ya watu?" Alimrekebisha mtoto mapajani. "Nilijua ulichokitaka. Ulikuwa unakaa pale kizingitini kila jioni, unamlilia mama yako kimoyomoyo. Ukanusa habari ya gauni, ukajua likikosea atakasirika akuchukue. Na akakuchukua! Nikasema, mtoto ana akili huyu. Nikasema, basi, mchukue."

"Lakini vyombo, bibi. Walikuja kuchukua vyombo."

"Vyombo ni mbao na bati." Alimfuta mtoto mdomo kwa ncha ya kanga. "Mama wa yule mtoto ndiye aliyeniuma. Huyo mpaka leo haniamini." Halafu akainua uso, na akasema jambo ambalo sikulitegemea. "Lakini mimi nilikuwa na wewe. Kijiji kizima kiliiogopa mikono yangu hii. Watu wazima, mashehe, wote. Ni wewe peke yako uliyelala karibu nayo bila woga. Mtu wa namna hiyo ukiona anataka kwenda kwa mama yake, utamzuiaje?"

Ukweli nilikuwa nao mdomoni, nimetoka nao Korogwe. Ukweli ulikuwa kwamba nilimwogopa kuliko wote. Wale wengine walikataa maji yake tu. Mimi niliamini kwamba amekuja kuniua, na nilikata kitambaa kile nijiokoe kutoka kwake. Alikuwa amelipa kwa jina lake, kwa kazi yake, kwa uso wa Mama Hadija, na kitu alichodhani amekinunua hakikuwahi kuwapo. Mwanangu alikuwa ameshika kidole gumba cha bibi anakivuta.

"Ulimtaka mama yako, au siyo?" aliuliza.

"Ndiyo, bibi," nilimwambia. "Nilimtaka mama."

"Nilijua," alisema, akafumba macho, amefurahi kabisa.